Fildi Mashali wa Raha Leo: Maisha ya John Okello na Sauti Yake Redioni

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 12 Januari, 1964, wenyeji wa Unguja waliofungua redio zao hawakukuta yale waliyozoea kuyasikia. Waliisikia sauti ya mtu wasiyemjua, akisema Kiswahili cha bara chenye lafudhi ya kaskazini mwa Uganda, akitangaza kwamba serikali ya Sultani Jamshid bin Abdullah imeangushwa na kwamba yeye msemaji ndiye mkuu wa jeshi lililoiangusha. Alijitaja kwa cheo cha Fildi Mashali. Katika majeshi yaliyofuata desturi za Kiingereza cheo hicho kiko juu ya jenerali, na wakati ule hakuna askari yeyote mwenyeji wa Afrika Mashariki aliyekuwa nacho. Katika Unguja nzima watu waliulizana mtu huyu ni nani, ametoka wapi, na nani aliyempa cheo. Jina lake lilikuwa John Okello. Hakuwa amepata kuwa ofisa wa jeshi lolote linalojulikana. Kazi iliyomlisha ilikuwa uashi na upakaji rangi nyumba.

Juu ya Mapinduzi ya Zanzibar yameandikwa mengi, na waandishi wake hawapatani hata leo. Wako wanaosema kwamba Okello ndiye aliyeyapanga na kuyaongoza. Wako wanaosema kwamba mpango ulikuwa wa vijana wa chama cha Afro-Shirazi, na kwamba mgeni huyu alisukumwa mbele ya kipaza sauti kwa sababu sauti yake ilitisha na sura yake haikujulikana. Makala haya hayakusudii kuukata ugomvi huo. Yanakusudia kumfuata mtu mmoja na chombo kimoja, na kutazama yale waliyotendeana. Kwa sisi tunaovaa sare, ambao kutwa tunapokea amri kwa njia ya redio na kuzitii bila ya kumwona anayezitoa, maisha ya Okello yanatuhusu kuliko yanavyomhusu msomaji mwingine.

Okello alizaliwa mwaka 1937 katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Alifiwa na wazazi akiwa mtoto wa miaka kumi na moja hivi, akalelewa na jamaa, na alipofika umri wa miaka kumi na mitano akaondoka kwao kutafuta maisha. Hapo ndipo ilipoanza safari ndefu ya kijana asiye na cheti wala mtu wa kumshika mkono. Alifanya kazi za nyumbani, akashona nguo, akawa karani, akajifunza uashi. Leo yuko mji huu, kesho mji ule, mpaka akafika Kenya. Huko Nairobi alipata kufungwa gerezani. Kenya ya miaka hiyo ilikuwa katika vita vya Mau Mau na sheria za hali ya hatari, na mtu asiye na kipande alikuwa akikimbizwa kama mwizi. Okello mwenyewe baadaye aliandika kwamba mambo aliyoyaona huko ndiyo yaliyomfungua macho juu ya ukoloni. Mtu anayeyasoma maandishi yake sharti aende pole pole, maana Okello hakuwa mtu wa kupunguza chumvi. Hata hivyo, habari za kuhangaika kwake hazina shaka, kwa sababu maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walihangaika vivyo hivyo.

Mwaka 1959 alivuka bahari akaingia Pemba. Alifanya kazi ya uashi, akajiingiza katika siasa za kisiwa, na akaanza kuhutubia watu. Alikuwa Mkristo katikati ya umma wa Kiislamu, na alikuwa mtu wa bara katika visiwa ambavyo siasa zake zilijaa maneno ya nani mwenyeji na nani mgeni. Uchaguzi wa mwaka 1961 ulifuatwa na ghasia na vifo. Mwaka 1963 alihamia Unguja, akawa kiongozi katika chama cha wafanyakazi wapaka rangi. Kazi hiyo ilimpa kitu ambacho pesa haziwezi kukinunua: nafasi ya kukutana na vijana wa Kiafrika waliokuwa wakifanya kazi za mikono mjini na mashambani, wengi wao watu wa bara kama yeye, na kuwajua kwa majina.

Hapa lazima tuseme habari za polisi, maana bila ya polisi mapinduzi yale hayaelezeki. Jeshi la polisi la Zanzibar katika siku za Waingereza lilikuwa na askari wengi waliotoka bara, Tanganyika, Kenya na kwingineko. Visiwa vilipopata uhuru tarehe 10 Desemba, 1963, serikali mpya ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte haikuwaamini askari hao, ikaanza kuwaachisha kazi. Serikali ile haikuwa na jeshi. Polisi ndio walikuwa ngao yake pekee. Iliivunja ngao hiyo kwa mikono yake, kisha ikawaacha watu waliofukuzwa wakizunguka mjini hawana mishahara wala nauli ya kurudi kwao, huku kichwani wakijua ghala la silaha liko wapi, funguo zinakaa kwa nani, na zamu ya usiku ina askari wangapi. Ofisa yeyote mwenye busara angejua kwamba hali hiyo ni ya hatari. Baadhi ya watu hao walikuwamo katika usiku wa tarehe 11.

Usiku huo wa Jumamosi watu waliokusanyika walikuwa mamia machache tu. Silaha zao zilikuwa mapanga, mashoka, mikuki, na pinde. Bunduki hawakuwa nazo, na ndiyo maana shabaha yao ya kwanza ilikuwa ghala la silaha la polisi huko Ziwani. Okello mwenyewe alikuwa mstari wa mbele. Yasimuliwa kwamba alipambana mwili kwa mwili na askari wa zamu na kumnyang'anya bunduki. Kundi jingine liliishambulia Mtoni. Walipokwisha kuzipata bunduki mambo yakaenda mbio, na kabla ya jua kupanda sehemu kubwa ya Ng'ambo ilikuwa mikononi mwao. Kituo cha polisi cha Malindi, karibu na bandari, ndicho kilichostahimili. Askari waliokuwa huko walipigana muda mrefu, wakiwa na Kamishna wao, mpaka walipoona kwamba hakuna msaada utakaokuja, wakatoka kwa utaratibu hadi gatini, wakaondoka kwa njia ya bahari. Historia imewapitia juu juu askari hao, na mwandishi huyu anaona kuwa si haki. Walikuwa upande ulioshindwa, lakini walikaa mahali walipowekwa.

Sultani Jamshid aliondoka kwa meli pamoja na jamaa zake. Kenya haikumruhusu ateremke Mombasa, meli ikaelekea Dar es Salaam, na kutoka huko akapelekwa Uingereza, alikoishi zaidi ya nusu karne. Alirudi Oman mwaka 2020, akafariki dunia tarehe 30 Desemba, 2024.

Sasa tuje kwenye redio. Sauti ya Unguja, kama kituo kile kilivyojulikana, ilikuwa imeanza mwaka 1951, na studio zake zilikuwa Raha Leo, katika upande wa Ng'ambo walikokaa Waafrika wengi. Jambo hilo lina maana yake ya kijeshi. Wanamapinduzi hawakulazimika kupenya vichochoro vya Mji Mkongwe ili wakipate kipaza sauti. Kilikuwa mlangoni mwao. Raha Leo ikawa makao makuu yao, ikawa mahali pa kuwaweka mateka, na ikawa chanzo cha amri zote. Nchi ilikuwa haina gazeti siku hiyo, haina mkutano, simu zilikuwa za watu wachache. Redio peke yake ndiyo iliyosema. Na redio zenyewe zilikuwa zimeongezeka sana miaka hiyo, kwa kuwa redio ndogo za transista zinazotumia betri zilikuwa zimeanza kufika madukani, na redio moja katika baraza ilisikilizwa na mtaa mzima.

Okello aliutumia uwezo huo kwa namna ambayo haikuwa imepata kuonekana katika pande zetu. Hakusoma taarifa kama mtangazaji asomavyo. Alihutubu, aligomba, alitisha. Alimtaka Sultani ajiue yeye na jamaa zake, la sivyo yeye Okello angeifanya kazi hiyo mwenyewe. Aliwatisha wasiotii kwa kuwaambia kwamba hatua atakazozichukua zitakuwa kali mara 88 kuliko zile walizokwisha kuziona, na hakuna mtu aliyepata kueleza kwa nini 88 na si 90. Aliwataja watu kwa majina akiwataka wajisalimishe. Alitoa hukumu za vifungo hewani bila ya hakimu wala shahidi. Aliweka saa za kutotoka nje, akakataza hiki na kile, akaamuru adhabu ya kifo kwa makosa ambayo mahakama yoyote ingeyatoza faini. Na jeshi lake, ambalo usiku uliotangulia lilikuwa watu mia kadhaa wenye mapanga, katika maneno yake lilikuwa kubwa lisilo na kifani.

Wataalamu wa kazi yetu wataitambua hila hiyo. Kikosi kidogo kinapokuwa hakina njia ya kujionyesha kikubwa kwa macho, hujikuza kwa masikio. Msikilizaji aliye ndani ya nyumba, amefunga madirisha, hawezi kuhesabu bunduki zilizoko nje, anahesabu maneno. Kwa hila hiyo peke yake Okello aliokoa wapiganaji wake wengi, kwa sababu wapinzani ambao wangeweza kujikusanya hawakujikusanya. Sifa hiyo tumpe, maana ni yake. Lakini hila ya vita hukoma adui anapoweka silaha chini, naye hakukoma.

Maneno yale hayakuwafikia adui tu. Yaliwafikia pia watu wa upande wake mwenyewe, vijana wasio na mafunzo, wasio na sajini wala kanuni, ambao ndiyo kwanza wameshika bunduki. Kwao vitisho vya redioni havikuwa hila, vilikuwa amri. Kabla ya usiku ule, Okello alikuwa amewapa wafuasi wake maagizo juu ya nani auawe na nani aachwe, na maagizo yenyewe, jinsi yalivyopokewa na waandishi wa historia, yanatisha kuyasoma: wanaume Waarabu wenye umri wa kati ya miaka 18 na 55 walihesabiwa kuwa ni wa kuuawa, ilhali wazee na wajawazito waliachwa. Kumtaja mtu kuwa adui kwa nasaba yake na umri wake, hata kama hana silaha mkononi, si amri ya kijeshi. Mapinduzi hayo yalikuwa na sababu zake, na watu walioonewa kwa muda mrefu walikuwa na haki ya kudai. Lakini katika siku zilizofuata watu wengi waliuawa ambao hawakupigana kabisa, wengi wao Waarabu na baadhi yao Wahindi, wakiwa majumbani, mashambani, na njiani wakikimbia. Hesabu ya waliokufa haijapata kukubaliwa na wote. Okello katika kitabu chake alitaja zaidi ya watu 13,000, lakini mtu aliyeukuza ukubwa wa jeshi lake aweza pia kuwa ameikuza hesabu ya maiti. Wengine wametaja elfu chache, wengine wengi zaidi. Hata hesabu iliyo ndogo kuliko zote ni kubwa mno kwa kisiwa kama Unguja.

Kutoka hapa Nkanka, juu ya vilima vinavyoteremka katika Ziwa Kivu, Zanzibar iko mbali sana. Ukisimama jioni penye mwinuko unaona ng'ambo ya maji milima ya Kongo, na usiku unaona taa za wavuvi wa sambaza zimejipanga juu ya ziwa kama mtaa wa mji. Redio ndogo humsindikiza mvuvi, na mawimbi yake hayajui mpaka. Sauti ya Kongo yasikika Rwanda na ya Rwanda yasikika Kongo. Lakini wiki zile zile za Okello zilikuwa wiki za msiba nchini Rwanda pia. Baada ya wakimbizi wenye silaha kuingia kwa vita kutoka Burundi mwishoni mwa Desemba 1963, Watutsi wasio na hatia waliuawa kwa maelfu, hasa katika mkoa wa Gikongoro, na walionusurika wakakimbilia nje. Habari hizo nazo zilitangazwa ulimwenguni kwa redio, na kati ya vituo vilivyopaza sauti ni Redio ya Vatikani, ambayo Februari 1964 iliyataja mauaji hayo kuwa ni maangamizi ya watu ya kutisha kuliko yote tangu yale waliyotendewa Wayahudi na Hitler. Waliosikiliza walikuwa wengi, waliochukua hatua walikuwa wachache. Miaka thelathini baadaye, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, kituo cha RTLM, kilichokuwa kimeanza kutangaza Julai 1993, kiliwataja watu kwa majina na mahali walipojificha. Hatimaye mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu viongozi wake mwezi Desemba 2003. Simlinganishi Okello na watu wale, kwa maana makusudi na mazingira hayakuwa mamoja. Nasema tu kwamba askari wa Rwanda anayesoma habari za Raha Leo hasomi ngano ya mbali.

Turudi Unguja. Okello alijua, au aliambiwa, kwamba yeye hawezi kuwa rais wa nchi hiyo. Alimtangaza Sheikh Abeid Amani Karume, kiongozi wa Afro-Shirazi, kuwa Rais. Karume, Abdulrahman Mohamed Babu na Abdullah Kassim Hanga walivuka kutoka Dar es Salaam wakaingia kisiwani kushika madaraka, na serikali ya Baraza la Mapinduzi ikasimama. Kwa muda nchi ilikuwa na sauti mbili: ya Rais, yenye kutuliza, na ya Fildi Mashali, yenye kuunguruma. Wageni wakaanza kuuliza ni ipi ya serikali. Mabalozi na waandishi wa habari walikuwa wakimfuata Okello na si Karume, kwa kuwa Okello alikuwa na bastola kiunoni, kofia ya kijeshi kichwani, na maneno yasiyokwisha. Picha zake zikajaza magazeti ya Ulaya na Marekani. Wakubwa wa serikali hawakupendezwa.

Aliunda kikosi chake, kilichofahamika kwa herufi FMF, cha wafuasi wake waliokuwa wakizunguka na bunduki. Kikosi hicho kilishtakiwa kwa uporaji. Okello alizuru Pemba, na huko watu walichapwa viboko hadharani. Rais Karume, akiwa hana jeshi la kutegemea, aliomba msaada kwa Tanganyika, na Rais Julius Nyerere akampelekea polisi wapatao 300 kuja kulinda amani. Hapa pana kisa ambacho kila ofisa wa mipango yafaa akijue. Polisi hao walikuwa wa kikosi cha kutuliza ghasia cha Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza, wakaingia mjini, na polisi ambao pengine wangewazuia walikuwa ng'ambo ya bahari wakilinda barabara za Unguja. Maasi yakaenea: Jinja nchini Uganda tarehe 23, Lanet nchini Kenya tarehe 24. Serikali zote tatu ziliwaita askari wa Kiingereza, jambo lililowauma sana viongozi wake. Tanganyika ililivunja jeshi lile la zamani, na tarehe 1 Septemba, 1964, likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Je, sauti ya Okello ndiyo iliyowachochea askari wa Colito? Sidhani. Wao walikuwa na madai yao tangu zamani. Lakini siku nane kabla yake walikuwa wamesikia, katika lugha yao wenyewe, kwamba mwashi amejivika cheo cha juu kuliko cha mkuu wao wa kikosi, na kwamba dunia imempokea. Jambo kama hilo halimpiti askari.

Kuanguka kwake hakukuwa na mlio wa risasi hata mmoja. Polisi wa Tanganyika walipokwisha kuenea, wafuasi wa Okello walianza kunyang'anywa silaha kidogo kidogo. Mwezi Februari alisafiri kwenda bara. Tarehe 9 Machi alirudi Unguja kwa ndege, akaambiwa kwamba hatakiwi nchini, akarudishwa Dar es Salaam. Siku mbili baadaye alivuliwa rasmi cheo cha Fildi Mashali. Hakuweza kujibu. Kipaza sauti cha Raha Leo kilikuwa mikononi mwa wengine, na watu waliomtii walikuwa wakiitii sauti iliyotoka mahali pale, si kifua kilichoitoa. Alikuwa amekaa katika mamlaka kwa muda usiofika miezi miwili. Tarehe 26 Aprili, Tanganyika na Zanzibar zikaungana, na jina lake halikuwamo katika sherehe.

Miaka iliyofuata ni ya kusikitisha. Alitoka Tanganyika akaenda Kenya, akafukuzwa. Akaenda Uganda kwao, hakupata raha. Akaonja magereza tena. Kila serikali iliyompokea ilimwona kama baruti iliyosahauliwa karibu na jiko. Hakuwa na mali, hakuwa na chama, na watu aliowaweka madarakani hawakumtaja tena. Katika masimulizi rasmi ya Mapinduzi jina lake lilipunguzwa hadi likakaribia kutoweka, na kwa miaka mingi watoto wa shule wa Zanzibar walisoma habari za tarehe 12 Januari bila ya kumkuta. Naona hilo nalo ni kosa la kazi ya habari. Mtu aliyesikiwa na kisiwa kizima hafutiki kwa kutotajwa. Anageuka kuwa hekaya, na hekaya haina anayeisahihisha.

Alijitetea kwa kalamu. Mwaka 1967 kitabu chake juu ya mapinduzi kilichapishwa Nairobi na East African Publishing House. Ni kitabu cha ajabu. Humo anasimulia ndoto na maono aliyodai kuwa yalitoka kwa Mungu yakimwelekeza kuikomboa Zanzibar, anapanga vikosi na safu kama jenerali mzoefu, anataja hesabu kamili za waliouawa na waliokamatwa hadi mtu wa mwisho. Mwanahistoria anayatilia shaka mengi. Lakini mtu anayekisoma kwa utulivu anamwona humo kijana yatima ambaye hakuwa amepata kusikilizwa na mtu yeyote tangu utoto wake, akaingia siku moja katika chumba chenye kipaza sauti, na mlango ukafungwa nyuma yake. Hilo halimwondolei lawama. Waliokufa Unguja nao walikuwa yatima wa mtu au wazazi wa mtu.

Njia aliyoionyesha ilifuatwa na wengi, ingawa ni wachache waliopenda kumtaja. Alasiri ya tarehe 25 Januari, 1971, wananchi wa Uganda waliisikia Redio Uganda ikipigwa na sauti ngeni. Askari aitwaye Sam Aswa alisoma sababu 18 za jeshi kumpindua Rais Milton Obote. Askari huyo hakuwa ofisa mkubwa, na waliomsikiliza walikumbuka zaidi jinsi alivyosoma kwa shida kuliko sababu zenyewe. Tarehe 1 Agosti, 1982, askari wa jeshi la anga la Kenya walimtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka katika studio za Sauti ya Kenya, wakamtia bunduki mgongoni atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Nchi nzima iliijua sauti ya Mbotela. Ndiyo maana walimtaka yeye. Saa chache baadaye askari watiifu chini ya Meja Jenerali Mahmoud Mohamed walikikomboa kituo, na Mbotela yule yule akatangaza kwamba uasi umezimwa. Mbotela alifariki dunia Februari 2025, akiwa amepewa heshima zote za mkongwe wa utangazaji. Yeye alikuwa na sauti bila ya amri, Okello alikuwa na amri bila ya mamlaka, na Aswa alikuwa na karatasi tu.

Idi Amin, aliyenyakua utawala siku ile ya Aswa, alikuwa askari wa kweli, aliyelelewa katika King's African Rifles na kupanda ngazi kutoka chini. Mwaka huo wa 1971 Okello alionekana naye. Haijulikani alichotafuta kwake. Huenda kazi, huenda ulinzi, huenda heshima ya kuitwa tena kwa cheo alichojipa. Baada ya hapo hakuna mtu aliyethibitisha kumwona. Wengi waamini kwamba aliuawa kwa amri ya Amin, na mitaani pamezagaa hadithi kwamba Amin aliudhika kusikia kuwa Uganda ina Fildi Mashali mmoja, na kwamba si yeye. Kaburi la Okello halijulikani. Karume naye aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili, 1972. Mwezi Julai 1975 Idi Amin alipandishwa cheo kuwa Fildi Mashali, na habari hizo zikatangazwa na Redio Uganda.